Kwa Nini Miamba ya Molteno Imejaa Majani Lakini Haina Mifupa?

Swali: Mwalimu wa jiografia katika shule moja ya sekondari mkoani Ruvuma anauliza: "Nimesoma kwamba miamba ya Molteno, iliyoko Afrika Kusini na Lesotho, imetoa maelfu ya majani na wadudu wa kipindi cha Triasiki, lakini haijatoa mfupa wa mnyama yeyote wa nchi kavu, ilhali miamba myekundu iliyo juu yake na iliyo chini yake inajulikana kwa wingi wa mifupa. Je, wanyama walihama, au walikufa wote kisha wakaja wengine? Na sisi tunaoishi jirani na bonde la Ruhuhu, wanafunzi wangu wakipita penye mawe yetu waangalie nini?"

Jibu:

Ndugu Mwalimu,

Wanyama hawakuhama, wala hawakufa wote. Walikuwapo muda wote ambao mito ilikuwa ikitandaza mchanga na tope la Molteno. Walikunywa maji ya mito hiyo, wakakanyaga kingo zake, na wengi wao walifia hapo hapo. Kilichopotea ni mifupa yao, na ilipotea baada ya kufukiwa, kwa sababu ya aina ya maji yaliyokuwa yakipita ardhini. Ninaliweka jibu hili mbele kabisa kwa kuwa nimeona mara nyingi, hata katika maandishi ya watu waliosoma sana, mwamba usio na mifupa ukihesabiwa kuwa ushahidi wa nchi isiyo na wanyama, na dhana hiyo ikishaingia darasani ni kazi kubwa kuiondoa. Sasa nieleze tunajuaje.

Molteno ni fomesheni, yaani mkusanyiko wa matabaka ya miamba mashapo yanayofanana kwa sura na asili kiasi kwamba mtu anaweza kuyafuata kwa miguu uwandani na kuyachora kwenye ramani kama kitu kimoja. Jina lake limetokana na mji mdogo wa Molteno katika jimbo la Eastern Cape, na mji huo nao uliitwa hivyo kwa heshima ya John Charles Molteno, waziri mkuu wa kwanza wa Koloni la Cape. Miamba hii imeizunguka milima ya Lesotho na Drakensberg kwa chini, ikipita Dordrecht, Indwe na Nqanqarhu, mji ambao zamani uliitwa Maclear, kisha ikaendelea hadi KwaZulu-Natal na Free State. Upande wa kusini unene wake unafikia mamia ya mita, lakini kadiri unavyoelekea kaskazini unapungua, hadi inabaki mita chache tu na mwishowe inatoweka. Umri wake ni wa mwanzo wa Triasiki ya Juu, yaani sehemu ya mwisho ya kipindi cha Triasiki, na sehemu yake kubwa inawekwa katika ngazi ya Karnia, ambayo ilianza takribani miaka milioni 237 iliyopita na kuisha takribani miaka milioni 227 iliyopita.

Mpangilio wa matabaka ndio kiini cha swali lako, kwa hiyo tuutazame kuanzia chini kwenda juu. Chini ya Molteno iko fomesheni ya Burgersdorp, yenye mawe ya tope ya rangi nyekundu na zambarau, ambamo imetoka mifupa ya Cynognathus, mnyama mla nyama aliyekuwa katika ukoo uliokuja kuzaa mamalia, na ya Kannemeyeria, mla majani mwenye umbo nene na meno mawili marefu kama pembe. Kati ya Burgersdorp na Molteno kuna pengo la mamilioni ya miaka, yaani muda ambao miamba ilimomonyoka badala ya kujengeka. Kisha inakuja Molteno yenyewe, ya kijivu na nyeupe. Juu yake inafuata Elliot, nyekundu tena, iliyopewa jina la mji ambao sasa unaitwa Khowa. Sehemu yake ya chini bado ni ya Triasiki na sehemu yake ya juu imeingia Jurasiki. Juu ya Elliot yako majabali ya Clarens, ambayo ni mchanga wa jangwa ulioshikamana, na juu ya yote imekaa lava ya Drakensberg iliyomwagika takribani miaka milioni 183 iliyopita. Ukisimama mbele ya mteremko mmoja katika nyanda za chini za Lesotho unaweza kuyaona haya yote kwa mpangilio huo huo, na rangi peke yake zinatosha kukuonyesha pa kutafuta mifupa na pa kutafuta majani.

Wakati Molteno inaundwa, Afrika ilikuwa bado imeungana na Amerika ya Kusini, Antaktika, India na Australia katika bara kubwa la Gondwana, na eneo hili lilikuwa mbali zaidi kusini kuliko lilivyo leo. Upande wa kusini ilinyanyuka milima ambayo mabaki yake ndiyo safu za Cape za sasa, na kutoka katika milima hiyo ilishuka mito yenye nguvu, mipana na isiyo na kina kirefu, iliyojigawa katika mikondo mingi iliyosukana na kuachana. Mito ya aina hii hubeba kokoto na mchanga mkubwa, na ndiyo maana mawe ya mchanga ya Molteno, hasa yale yanayoitwa Indwe, ni ya chembe kubwa na yamejaa kokoto za kwatsi, yaani madini magumu ya silika. Kati ya mikondo kulikuwa na mabwawa, madimbwi ya maji yaliyotulia na vinamasi, na humo lilituama tope laini lililoganda kuwa mawe yanayopasuka kwa tabaka nyembamba kama kurasa za kitabu. Majani yamo katika kurasa hizo.

Utajiri wa majani hayo unastahili kuelezwa kwa urefu, kwa sababu sehemu chache sana duniani zimetupa picha kamili hivi ya msitu wa Triasiki. John na Heidi Anderson, mume na mke, walitumia miongo kadhaa wakizunguka katika miamba hii, wakachimba na kuhesabu mimea katika maeneo yapatayo 100, na kutokana na kazi yao tunaweza kusema ni mimea gani iliota pamoja na mingine. Uliotawala ni Dicroidium, mmea wa mbegu uliokuwa na majani yanayofanana na makangaga lakini yenye kikonyo kilichogawanyika panda. Aina zake zilienea Gondwana nzima, na leo hakuna hata mmoja ulio hai. Kingo za mito zilifunikwa na misitu ya Dicroidium, michanga kwa mikubwa. Penye maji mengi ziliota kwa wingi Heidiphyllum, mimea ya jamii ya misonobari yenye majani mapana marefu, ikifanya vichaka vizito vya aina moja. Karibu na mabwawa ilisimama Sphenobaiera, ya ukoo wa ginko, na kwenye matope yenyewe kulikuwa na vinamasi vya Equisetum, mmea wenye mashina ya pingili ambao ndugu zake wangali wanaota kandokando ya mito hadi leo. Mitapo na makangaga nayo yalikuwapo, ingawa si kwa wingi huo. Kabla ya akina Anderson, mwaka 1933, Hamshaw Thomas alikuwa ameeleza viungo vya uzazi vya mimea hii kutoka bonde la juu la Umkomaas huko Natal, na kwa kazi hiyo akauonyesha ulimwengu wa botania kundi zima la mimea ya mbegu ambalo halikuwa limetambuliwa.

Pamoja na majani wametoka wadudu zaidi ya 2,000, wengi wao wakiwa mende na mbawakawa, na wengine kereng'ende na makundi mengi mengineyo. Mara nyingi kinachopatikana ni bawa moja tu lililolala juu ya jiwe, na mishipa yake yote inahesabika. Lakini mimi huona kwamba ushahidi wenye nguvu kuliko mabawa hayo ni majeraha yaliyoachwa kwenye majani. Mwaka 2018 Conrad Labandeira wa Taasisi ya Smithsonian, pamoja na akina Anderson, walichapisha uchunguzi wa eneo moja tu la Aasvoëlberg, ambako vilikaguliwa vipande zaidi ya 20,000 vya mimea, kimoja kimoja, kutafuta alama za kuliwa. Walikuta kingo zilizotafunwa, matundu, alama za midomo iliyofyonza utomvu, uvimbe uliosababishwa na wadudu walioishi ndani ya tishu, na njia za viluwiluwi waliochimba kati ya ngozi mbili za jani, ambazo ni miongoni mwa njia za namna hiyo za kale kabisa zinazojulikana duniani. Heidiphyllum ndiyo iliyoumizwa zaidi. Wengi wa wadudu waliofanya kazi hiyo miili yao haijawahi kuonekana, lakini hakuna mtu anayeshuku kwamba walikuwapo. Naomba ulishike jambo hili, Mwalimu, maana kwa wanyama wakubwa tutafika mahali hapo hapo.

Sasa tuje kwenye mifupa. Mfupa mkavu, kwa takribani theluthi mbili ya uzito wake, ni madini ya kalsiamu na fosfeti. Madini haya hudumu vizuri katika maji yasiyo na tindikali, hasa yale ambayo tayari yamebeba chokaa, lakini katika maji yenye tindikali huyeyuka, na kadiri tindikali inavyozidi ndivyo yanavyoyeyuka upesi. Jani ni kinyume chake. Jani halina madini ya kuyeyushwa. Adui yake ni hewa, kwa maana bakteria na kuvu wanaooza mimea hufanya kazi haraka sana penye oksijeni, na kwa uvivu sana pasipo na oksijeni. Kwa hiyo jani linahitaji kuzama mapema katika maji yaliyotulia na kufunikwa na tope ambalo hewa haipenyi. Kinamasi ndiyo mahali panapotimiza masharti hayo, lakini mimea inayooza polepole humo hutoa tindikali, ambayo hulainisha na kumaliza mfupa wowote ulio karibu. Sharti linaloliokoa jani ndilo linalouangamiza mfupa, na ndiyo sababu ni nadra kuvikuta vyote viwili katika tabaka moja.

Molteno ilikuwa na dalili zote za ardhi ya namna hiyo. Rangi yake ya kijivu inaonyesha kwamba chuma kilichomo hakikupata oksijeni ya kutosha kugeuka chekundu, maana yake maji yalikuwa juu karibu na uso wa nchi kwa sehemu kubwa ya mwaka. Kuna makaa ya mawe, na makaa ya mawe hayatokei bila kinamasi kilichokusanya mimea kwa muda mrefu bila kuoza. Makaa hayo yalichimbwa katika karne ya 19 katika sehemu za Molteno, Cyphergat na Indwe, yakatumika katika migodi ya almasi ya Kimberley na kwenye reli, lakini tabaka zake ni nyembamba na majivu yake ni mengi mno, hivyo yalishindwa mara tu makaa bora ya Transvaal na Natal yalipofika sokoni. Mfanyabiashara aliyalaumu kwa majivu yake, ila mtafiti wa visukuku anayashukuru, kwa kuwa majivu hayo ni tope lililokuwa likiingia kinamasini, na tope hilo ndilo lililofunika majani.

Huenda ukauliza: basi vipi kuhusu mchanga wa mitoni, ambako hakukuwa na kinamasi? Huko mifupa ilikabiliwa na hatari mbili. Kwanza, mto wenye nguvu ya kusukuma kokoto huusaga mfupa kabla haujafukiwa. Pili, mchanga wa Molteno ni wa kwatsi kwa sehemu kubwa na chembe zake ni kubwa, kwa hiyo maji ya ardhini yaliendelea kupita ndani yake kwa urahisi muda mrefu baada ya kufukiwa, yakitoka katika ardhi yenye mboji na kukuta mchanga ambao haukuwa na chokaa ya kuyapunguzia ukali. Alama ya maji hayo bado inaonekana kwa macho: mawe ya mchanga ya Molteno humetameta juani, kwa sababu maji yaliyobeba silika yaliongeza nyuso mpya za fuwele juu ya chembe za kwatsi. Mwamba uliopitiwa na maji kiasi cha kujijengea fuwele mpya si mahali pa kutegemea kuukuta mfupa ulioachwa bila ulinzi.

Ukipanda hadi Elliot, masharti yote yanageuka. Hali ya nchi ilikuwa imeanza kukauka, mito ilipungua nguvu, na nyanda za mafuriko zilipata misimu mirefu ya kukauka kabisa hadi hewa ikaingia ndani ya udongo na kukifanya chuma kuwa chekundu. Katika udongo wa namna hiyo maji yanapokauka huacha chokaa, na chokaa hiyo hujikusanya katika vinundu, mara nyingine kuzunguka mfupa wenyewe, na kuufunika kwa ganda linaloukinga. Majani katika hali hiyo hayakuwa na nafasi, na kweli katika Elliot majani ni adimu sana. Badala yake tunapata mifupa mikubwa ya dinosaria wa mwanzo wenye shingo ndefu: Melanorosaurus na Blikanasaurus katika sehemu ya chini, na huko Maphutseng, Lesotho, shimo zima la mifupa ya mnyama ambaye mwaka 2020 alipewa jina la Kholumolumo. Katika sehemu ya juu, ya Jurasiki, anatawala Massospondylus, ambaye mayai yake yenye viinitete ndani yalipatikana mwaka 1976 na James Kitching katika eneo la Golden Gate. Mtu anayesoma matabaka haya kwa haraka ataona wanyama wanatokea ghafla pale rangi nyekundu inapoanza. Kilichotokea ghafla ni uwezo wa ardhi wa kutunza mifupa.

Mpaka hapa mtu makini anaweza kusema kwamba haya ni maelezo yanayowezekana tu, na kwamba kemia peke yake haithibitishi kuwa mnyama alikuwapo. Anasema kweli, na kwa hiyo tunahitaji ushahidi usiotegemea mfupa wa Molteno. Upo wa aina mbili. Wa kwanza ni nyayo. Mwaka 1990 Michael Raath, akiwa na Kitching na wenzao, walieleza nyayo za dinosaria katika matabaka ya Molteno karibu na Maclear. Unyayo ni umbo tu lililobonyezwa katika tope na kujazwa na mchanga. Hauna fosfeti ya kuyeyushwa, na maji yenye tindikali hayana la kuufanya. Hivyo hivyo ukitazama orodha ya vilivyosalia katika Molteno, utaona karibu vyote ni vitu visivyotegemea madini ya mfupa: majani, mbegu, mabawa ya wadudu, vijidudu vya majini vyenye magamba laini, na chavua, ambayo ukuta wake ni imara kiasi kwamba maabara huyeyusha jiwe zima kwa asidi kali ili kuitoa ikiwa salama. Samaki wachache waliopatikana walikuwa katika tope laini la mabwawa, walikofukiwa haraka. Orodha hii haikuchagua viumbe kwa ukubwa wala kwa ukoo, bali kwa uwezo wa miili yao kustahimili tindikali, na kwangu mimi huo ndio uthibitisho mzuri kuliko wote unaopatikana ndani ya fomesheni yenyewe.

Ushahidi wa pili unatoka Zimbabwe. Katika wilaya ya Mbire, kwenye bonde la Zambezi, kuna mawe ya mchanga yenye kokoto ambayo umri wake ni wa Karnia, yaani yanalingana na Molteno kwa wakati. Tofauti ni kwamba huko ardhi iliihifadhi mifupa. Raath ndiye aliyetoa taarifa za kwanza za visukuku vya eneo hilo, na mwaka 2022 timu iliyoongozwa na Christopher Griffin ilitangaza kiunzi karibu kamili cha dinosaria mdogo wa urefu wa karibu mita 2, ambaye walimpa jina la Mbiresaurus raathi. Pamoja naye walikuwapo rinkosauri, watambaazi wa kale wenye midomo kama ya kasuku, jamaa za mamba waliovaa deraya ya mifupa, na wanyama wa ukoo ule ule wa kuelekea mamalia. Jumuiya hiyo ya wanyama inafanana sana na zile za Argentina, Brazil na India za wakati huo. Mahali pote Gondwana palipohifadhi mifupa ya Karnia panaonyesha wanyama wa aina hizo, na mimea ya Molteno iliyowalisha ndugu zao ilienea pote huko pia. Kudai kwamba walilikwepa bonde moja la kusini lenye maji mengi na majani mengi kuliko kwingine, na huku nyayo zao zimo ndani yake, ni dai ambalo halina pa kusimama.

Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu lina matokeo. Tukihesabu aina za wanyama tabaka kwa tabaka bila kuuliza kwanza tabaka lilitunza nini, tutachora mistari ya kutoweka na kuibuka kwa viumbe ambayo kwa kweli ni mistari ya kemia ya udongo. Kutoweka kwa viumbe wengi kwa pamoja kumetokea kweli katika historia ya dunia, na kule kulikofunga kipindi cha Permia na kufungua Triasiki kulikuwa kukubwa kuliko yote; miamba ya Karoo, yaani mfululizo mkubwa wa miamba ambao Molteno ni sehemu yake, ni mojawapo ya mahali bora pa kuchunguza tukio hilo katika nchi kavu. Lakini ushahidi wake unasimama kwa kuwa miamba ya kabla na ya baada ilikuwa na uwezo wa kutunza mifupa, na tunaweza kulinganisha kitu na kitu cha namna yake. Kati ya Burgersdorp, Molteno na Elliot hatuna ulinganifu huo.

Kuhusu kwenu Ruhuhu, Mwalimu, una bahati kuliko walimu wengi, kwa kuwa miamba yenu ni ya familia hiyo hiyo ya Karoo na tofauti ninayoieleza inaonekana ndani ya bonde moja. Makaa ya mawe ya Ngaka na ya Mchuchuma ni ya Permia, yaani ni ya zamani kuliko Molteno kwa makumi ya mamilioni ya miaka, na mmea wake mkuu ni Glossopteris badala ya Dicroidium, lakini asili yake ni ile ile ya kinamasi: kijivu, cheusi, na majani. Matabaka ya Manda ni ya Triasiki ya Kati, nayo ndiyo yenye mawe ya tope ya rangi nyekundu na zambarau ambamo Rex Parrington alikusanya mifupa katika miaka ya 1930. Kutoka humo wametajwa Asilisaurus kongwe mwaka 2010, Nyasasaurus parringtoni mwaka 2013, ambaye kama si dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana basi ni jamaa yao wa karibu kabisa, na Teleocrater rhadinus mwaka 2017. Hao ni wakubwa kwa umri kuliko chochote kilicho katika Molteno, na hiyo ni sababu nyingine ya kutoamini kwamba jamaa za dinosaria hawakuwapo Karnia.

Kwa hiyo wanafunzi wako wakipita penye mwamba uliokatwa na barabara au korongo, waanze na rangi. Penye tope la kijivu au jeusi linalopasuka kwa tabaka nyembamba, waangalie majani, na waangalie pande zote mbili za kila kipande, kwa sababu jani huacha umbo lake juu na chini. Wakiona jani, wasitosheke na jina lake. Watazame kingo zake na matundu yake. Penye tope jekundu au la zambarau, watafute vinundu vigumu vya rangi hafifu. Kinundu kikikwaruzwa na unga wake ukadondoshewa siki, ukatoa mapovu, hicho ni cha chokaa, na hapo ardhi ilikuwa ya aina inayotunza mifupa. Darasani unaweza kuwaonyesha upande wa pili wa hoja kwa mifupa miwili ya kuku iliyosafishwa, mmoja ukilazwa katika siki na mwingine katika maji yenye chokaa kwa siku kadhaa, huku siki ikibadilishwa mara kwa mara. Ule wa siki utalainika hadi upindike, kwa kuwa madini yake yameondoka. Ni jaribio la gharama ndogo, na linaeleza Molteno kuliko mchoro wowote wa ubaoni.

Neno la mwisho ni la kisheria, na naomba lisipuuzwe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda visukuku vya binadamu na wanyama nchini Tanzania, na kuvichimba kunahitaji kibali. Afrika Kusini nayo inavilinda vyake kwa sheria ya urithi wa taifa ya mwaka 1999. Mwanafunzi akiona kitu kinachoonekana kuwa mfupa ndani ya jiwe, asikigonge wala asikitoe. Akipige picha penye kipimo, kama rula au kalamu, aandike jina la korongo, umbali kutoka barabarani au kijijini na rangi ya tabaka lililokishika, kisha wewe upeleke taarifa kwa Idara ya Mambo ya Kale au Makumbusho ya Taifa. Mfupa ulioondolewa katika tabaka lake bila maelezo hayo hauwezi tena kutuambia ni ardhi ya namna gani iliyoutunza.